Homoni za mimea na mizizi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka sehemu mbili. Mengine ni ya wanafunzi wa biolojia niliowafundisha kwa miaka kadhaa. Mengine ni ya wateja wanaofika kitaluni kwangu Morogoro wameshika kijiti kilichokauka, wanataka kujua kimekosa nini. Kwa sehemu kubwa ni maswali yaleyale. Mmoja anauliza akiwa na daftari, mwingine akiwa na kijiti. Ukiwa na haraka, ruka hadi sehemu ya kitaluni. Pale utakapohitaji kujua jambo la nyuma, nitakurudisha kwa namba ya swali.

## Mambo ya mwanzo

1. Mimea nayo ina homoni? Si mambo ya damu na tezi hayo?

Inazo. Homoni ni kemikali inayotengenezwa kwa kiasi kidogo mno, ambayo kazi yake ni kuziambia seli nyingine zibadili mwenendo. Mnyama ana tezi za kuitengeneza na damu ya kuisafirisha. Mmea hauna tezi za namna hiyo wala moyo wa kusukuma. Seli nyingi za mmea zinaweza kutengeneza homoni, na usafiri wake ni wa kupokezana kutoka seli moja hadi nyingine, au kupitia mirija ileile inayopandisha maji na kushusha sukari. Mojawapo, ethilini, ni gesi: inapenya tu.

2. Kwa hiyo homoni ni aina ya mbolea?

Sio kabisa, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza fedha. Mbolea ni malighafi. Homoni ni agizo. Mpelekee fundi mifuko ya saruji bila kumwambia ajenge nini, saruji itagandia pale pale. Mpigie simu ajenge bila kumpa saruji, hupati ukuta. Kijiti kisicho na akiba ya sukari hakitatoa mizizi hata ukikichovya kwenye homoni mara tatu.

Tofauti nyingine ni kipimo. Mbolea tunaihesabu kwa kilo kwa ekari. Homoni tunaihesabu kwa sehemu katika milioni, na ikizidi inageuka (swali la 17 na la 21).

3. Zipi zinazohusika na mizizi?

Karibu zote, ila si kwa uzito sawa. Auksini ndiyo yenye neno kubwa: inaamua mzizi uanzie wapi, uelekee wapi na usimame lini. Saitokinini inavutana nayo. Ethilini husikika zaidi mzizi unapokutana na kizuizi, na asidi ya absisiki husikika wakati wa kiu. Strigolaktoni ina kisa chake (swali la 14). Jiberelini na brasinosteroidi zinasaidia seli za mzizi kurefuka na kugawanyika kama kawaida. Ukizizuia mzizi hudumaa, lakini mkulima hazikuti mara nyingi, kwa hiyo sitazirudia sana.

Jambo la kushika ni kwamba hakuna "homoni ya mizizi" peke yake. Auksini hiyohiyo inainamisha shina lifuate mwanga na kuzuia vichipukizi vya pembeni visiamke. Homoni haibebi maana yote ndani yake. Maana inatokana na seli iliyoipokea, kiasi kilichofika, na homoni nyingine zilizopo hapo wakati huo.

4. Ziligunduliwaje?

Kwa njia za ajabu ajabu, na wanafunzi hupenda sehemu hii kuliko zote. Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walitoa majaribio yao juu ya miche ya nyasi inayoinamia mwanga. Ukifunika ncha, mche hauinami, ingawa sehemu inayoinama iko chini ya ncha. Maana yake kuna habari inayoshuka. Mholanzi Frits Went, katika miaka ya 1920, aliikamata habari hiyo: alikata ncha za miche ya oti, akaziweka juu ya vipande vya agari (jeli ya mwani), kisha akaweka vipande hivyo upande mmoja wa miche isiyo na ncha. Miche ikainama. Kemikali yenyewe, asidi ya indoli-asetiki, ilikuja kutambuliwa mwaka 1934, na haikutolewa kwenye mmea. Ilichujwa kutoka kwenye mkojo wa binadamu.

Saitokinini ya kwanza kutambuliwa, kinetini, ilipatikana Marekani mwaka 1955 kutoka kwenye DNA ya shahawa za samaki iliyopikwa kwa mvuke. Ile ya asili, zeatini, ilitoka kwenye punje changa za mahindi, na jina lake limetokana na jina la kisayansi la mahindi, *Zea mays*. Jiberelini ilianzia kwenye ugonjwa wa mpunga huko Japani: miche inarefuka kama kichaa kisha inaanguka, na mwaka 1926 Kurosawa alionyesha kwamba ni kemikali ya kuvu inayofanya hivyo. Kazi ya ethilini kwenye mimea iligunduliwa na Mrusi Neljubow mwaka 1901, aliyeshangaa kwa nini mbaazi zake zilizoota ndani ya maabara zinatambaa badala ya kusimama. Gesi ya taa, yenye ethilini ndani yake, ilikuwa ikivuja.

## Ndani ya ncha ya mzizi

5. Mzizi unakua kutokea wapi hasa?

Nchani, na ni sehemu fupi kuliko unavyodhani. Otesha harage kwenye pamba iliyolowa. Mzizi ukifika sentimeta 2 au 3, uweke mistari ya wino mmoja mmoja kila milimeta kuanzia nchani. Kesho yake mistari ya nyuma itakuwa ilipokuwa. Ile iliyo karibu na ncha itakuwa imeachana.

Ukiipitia ncha kutoka mwisho kurudi juu, kwanza unakutana na kofia ya mzizi, inayosagwa na mchanga na kuumbwa upya kila siku. Nyuma yake kuna kundi la seli chache zinazogawanyika kwa nadra sana, ambazo kazi yake ni kuwalinda majirani wao wasipoteze uchanga. Hao majirani ndio wanaogawanyika kwa wingi. Halafu seli zinaacha kugawanyika na kuanza kurefuka, nyingine zaidi ya mara kumi ya urefu wake wa awali. Baada ya hapo ndipo kila moja inachukua kazi yake: mrija wa maji, ngozi ya nje, kinyweleo.

Kinachoziambia seli zihame hatua moja kwenda nyingine ni homoni, hasa kiasi cha auksini, ambacho ni kikubwa nchani na hupungua kadiri unavyorudi nyuma.

6. Auksini inafikaje huko chini wakati inatengenezwa majanini?

Nyingine inatengenezwa hukohuko mzizini. Ile ya majani machanga inashuka kwa kupokezana. Kila seli ina protini za kutolea auksini nje, ziitwazo PIN, na mmea unazipanga upande mmoja tu wa seli. Zikipangwa chini, auksini inakwenda chini. Fikiria foleni ya watu wanaopokezana ndoo wakati nyumba inaungua: maji yanakwenda kule kila mmoja anakogeukia.

Auksini hushuka kupitia katikati ya mzizi hadi nchani, kisha hugeuka na kupanda kupitia tabaka za nje, kama chemchemi iliyopinduliwa. Ushikilie mchoro huo kichwani, maana ndio unaoeleza swali la 8.

7. Seli inajuaje kwamba auksini imefika?

Ndani ya kiini cha seli kuna protini walinzi wanaozikalia jeni za ukuaji zisifanye kazi. Auksini ikiingia inakuwa kama gundi: inamnasisha mlinzi kwenye protini nyingine iitwayo TIR1, ambayo humtia alama ya kuharibiwa. Mlinzi akiondolewa, jeni zinafunguka. Kwamba TIR1 ndiyo mpokeaji ilithibitishwa mwaka 2005, zaidi ya miaka 70 baada ya kemikali yenyewe kujulikana.

Kuna njia ya haraka pia. Mzizi ukipewa auksini hupunguza mwendo chini ya dakika moja, na muda huo hautoshi kusoma jeni na kutengeneza protini mpya.

8. Mzizi unajuaje chini ni wapi?

Turudi kwa harage letu. Bandika pamba yenye mche ndani ya glasi, halafu ilaze glasi ubavu jioni. Asubuhi ncha itakuwa imepinda na kuelekea chini. Mimi nilifanya na kidato cha pili, tukailaza mara ya pili siku iliyofuata, na mzizi ukatoka na umbo la ngazi. Mwanafunzi mmoja alisema mzizi una kichwa kigumu kama babu yake.

Seli za katikati ya kofia zina chembe za wanga zilizo nzito. Ukiulaza mzizi, chembe hizo zinaanguka upande mpya wa chini, kama mawe ndani ya kibuyu. Ndani ya dakika chache protini za PIN za seli hizo zinahamia upande huo, na auksini inayopanda kutoka nchani inakuwa nyingi upande wa chini. Kwenye mzizi auksini nyingi inasimamisha kurefuka. Upande wa chini unasimama, wa juu unaendelea, ncha inapinda.

9. Mbona shuleni tulifundishwa auksini inarefusha seli? Inawezaje kusimamisha?

Ulifundishwa kuhusu shina, na ni kweli. Kwenye shina auksini inafanya seli isukume asidi kwenye ukuta wake. Ukuta ukichachuka unalegea, na maji yaliyo ndani yanaitanua seli. Kwenye mzizi auksini ikipita kiasi kidogo tu inafanya kinyume: asidi ukutani inapungua, ukuta unakaza. Kipimo kinacholifurahisha shina kinatosha kabisa kuusimamisha mzizi.

Lakini ukimnyima mzizi auksini kabisa hauwi mrefu. Unapoteza ncha yake. Kwa hiyo "auksini ni nzuri au mbaya kwa mizizi?" ni swali lisilo na jibu hadi useme ni kiasi gani na ni sehemu ipi.

10. Na saitokinini inafanya nini huko?

Jina lake linatokana na kugawanyika kwa seli, na kwenye machipukizi ndivyo ilivyo. Kwenye mzizi inakaa mpakani, pale seli zinapotoka kugawanyika kwenda kurefuka, na inazihimiza zivuke. Zikivuka mapema, kiwanda cha seli kinakuwa kidogo na mzizi unakuwa mfupi. Tumbaku iliyobadilishwa jeni ili iharibu saitokinini yake ilitoa mizizi mikubwa kuliko ya kawaida, huku juu ikidumaa.

Jaribio linaloeleza uhusiano wa hizi mbili ni la Skoog na Miller, mwaka 1957. Walichukua donge la seli za tumbaku zisizo na umbo. Auksini ikizidi, donge linatoa mizizi. Saitokinini ikizidi, linatoa machipukizi. Zikikaribiana, linabaki donge linalonenepa. Biashara yote ya miche ya tishu (swali la 19) imesimama juu ya jaribio hilo.

11. Mizizi ya pembeni na vinyweleo ni kitu kimoja?

Sivyo. Kinyweleo ni seli moja ya ngozi iliyojitokeza kama kidole. Hakiishi muda mrefu, na auksini na ethilini huvifanya vinyweleo viwe vingi na virefu. Ukiung'oa mche na kukung'uta udongo, hivyo ndivyo vinavyobaki shambani. Ndiyo maana mche unanyauka ingawa mizizi unaiona yote.

Mzizi wa pembeni ni mzizi kamili, wenye kofia na mirija yake. Tawi hutoka kwenye jicho lililo nje, ila mzizi wa pembeni huanzia ndani kabisa, kwenye tabaka linalozunguka mirija ya katikati. Pasua karoti kwa urefu utaona nyuzi zinazotoka kwenye moyo wake kwenda nje. Auksini huchagua seli za kuanzia, kisha ikaziambia tabaka za juu zilegeze kuta ili mgeni apite.

## Shambani

12. Kwa nini mizizi inagoma kwenye udongo ulioshindiliwa?

Jibu la zamani lilikuwa kwamba udongo ni mgumu, mzizi unashindwa kupenya. Utafiti uliotoka mwaka 2021 ulibadili picha hiyo. Mizizi hutoa ethilini muda wote, na kwenye udongo wenye nafasi gesi hiyo inatawanyika. Kwenye udongo ulioshindiliwa na trekta au kwato za ng'ombe vinjia vimeziba, gesi inarundikana kuzunguka ncha, na mzizi unasoma hilo kama agizo la kusimama na kunenepa. Mpunga usioweza kuisikia ethilini ulipandwa kwenye udongo uleule mgumu na mizizi yake ikapenya.

Kwa maneno mengine, mara nyingi mzizi umeambiwa uache kabla haujashindwa. Kwa mkulima dawa bado ni ileile ya kulegeza udongo, samadi na kutopitisha mifugo wakati shamba limelowa. Kilichoongezeka ni sababu.

Maji yakituama hadithi inafanana. Gesi hupita ndani ya maji polepole mara maelfu kuliko hewani, hivyo ethilini inanaswa tena. Safari hii kwa mahindi inaua baadhi ya seli za mzizi kwa makusudi ili kufungua njia za hewa, na mmea unaanza kutoa mizizi mipya kwenye vifundo vya shina, juu ya maji. Mpunga una njia hizo hata bila mafuriko.

13. Wakati wa ukame mmea unadumaa. Mbona mizizi mingine inazidi kwenda chini?

Kazi ya asidi ya absisiki. Udongo ukikauka homoni hii inaongezeka na kufunga vitundu vya majani ili maji yasipotee. Juu panasimama. Chini, kwa mahindi, asidi hiyohiyo inaizuia ethilini isirundikane, na mzizi mkuu unaendelea kurefuka ingawa maji ni haba. Ukame ukizidi hata mzizi unasimama. Hakuna homoni inayotengeneza maji.

14. Kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya nafaka, kinahusianaje na homoni?

Kwa wanaolima mahindi, mtama au mpunga Kanda ya Ziwa, Nyanza au Uganda, hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote hapa.

Mmea ukikosa fosforasi, mizizi yake inatoa strigolaktoni nje, kwenye udongo. Ni mwito: unaziita kuvu rafiki za mizizi, ambazo huleta fosforasi na kulipwa sukari. Hilo lilifahamika mwaka 2005, na mwaka 2008 ikathibitishwa kwamba kemikali hizo ni homoni ndani ya mmea pia, zinazozuia matawi kuwa mengi. Mmea wenye njaa unaacha kutanuka juu na unaomba msaada chini.

Tatizo ni kwamba kiduha kimejifunza kusikiliza. Mbegu zake ni kama vumbi, na zinakaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikisubiri. Zikisikia strigolaktoni zinajua mzizi uko karibu. Zinaota, zinajishika, zinanyonya. Mmea mama unadhoofika kabla hujaona hata ua moja la zambarau juu ya ardhi. Ndiyo maana kiduha hushamiri kwenye mashamba yaliyochoka: njaa ya fosforasi inaongeza kelele.

Njia mbili zimetokana na kujua hili. Moja ni mbegu. Baadhi ya mtama hutoa aina ya strigolaktoni ambayo kiduha hakiisikii vizuri, na Mhabeshi Gebisa Ejeta alipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009 kwa kazi yake ya kuzalisha mtama unaohimili kiduha. Ya pili ni ile ya kusukuma na kuvuta, iliyokuzwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, huko Mbita, Kenya, ufukweni mwa Ziwa Viktoria: desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, inapandwa katikati ya mistari ya mahindi, matete pembezoni. Mizizi ya desmodiamu inafanya mbegu za kiduha ziote, kisha inazizuia kujishika. Zinakufa njaa. Nasikia watu wakilalamika kwamba mbegu ya desmodiamu ni ghali na mwaka wa kwanza ni kazi. Ni kweli, na bado ningeipanda.

## Kitaluni

15. Kwa nini vijiti vingine vinaota bila dawa yoyote, vingine vinagoma?

Marando ya viazi vitamu yana vianzio vya mizizi tayari kwenye vifundo. Yanasubiri unyevu tu. Muhogo na mlonge vina akiba kubwa ya chakula. Bogenvilea na waridi vinahitaji kusukumwa kidogo. Mwembe na mparachichi vinagoma kwelikweli, ndiyo maana tunavibebesha.

Unapokata kijiti, auksini iliyokuwa ikishuka inakosa pa kwenda na inarundikana kwenye jeraha. Seli za karibu zinaisikia, na zile zilizo tayari zinarudi uchangani na kuanza mzizi. Seli za mti mzee haziko tayari sana. Kwa hiyo chukua chipukizi changa, acha jani moja au nusu jani (linaleta sukari na auksini), na tunza unyevu.

Kwenye kahawa kuna jambo la ziada. Vikonyo huchukuliwa kwenye machipukizi yanayokwenda wima. Ukichukua tawi la ubavuni litaota mizizi, ila mche utatambaa kama tawi maisha yake yote. Miche bora inayotokana na utafiti wa Lyamungu, Kilimanjaro, huzalishwa kwa vikonyo, na kwa mzalishaji chipukizi wima si jambo la hiari.

16. Nikipanda pingili ya muhogo kichwa chini, itaota?

Inaweza kuota, kwa kuchelewa na kwa shida. Pingili haisahau chini yake ni wapi, kwa sababu seli zimeshapanga protini za PIN upande huo (swali la 6) na kuzika pingili hakuzipangui. Auksini inaendelea kwenda mwisho uleule wa zamani, ambao sasa uko hewani. Kabla ya kupanda tazama macho: jicho linakaa juu ya kovu la jani.

17. Nitumie unga wa mizizi wa nguvu gani?

Unga mwingi dukani una asidi ya indoli-butiriki, ndugu ya auksini ya asili anayestahimili zaidi bila kuharibika. Kwa kawaida hupatikana kwa asilimia 0.1 kwa vijiti laini, 0.3 kwa vilivyoanza kukomaa, na 0.8 kwa vigumu. Lowesha mwisho wa chini, chovya sentimeta moja, kung'uta, tengeneza tundu kwa kijiti kingine ndipo upande, ili unga usibaki juu.

Nilianza kwa kiburi. Nilikuwa na waridi laini 200, nikachukua ule wa 0.8 nikidhani nitaokoa wiki moja. Siku ya kumi nikavuta kimoja: chini cheusi, kimevimba kama kidole kilichobanwa na mlango, hakuna hata uzi. Vilioza 180. Kilichotokea ni kile cha swali la 9. Auksini inaanzisha mzizi, halafu iliyobaki nyingi inauzuia usirefuke, na tishu zilizovimba zinaalika kuvu.

18. Madafu, asali na mshubiri ni mbadala wa unga?

Madafu yana homoni kweli. Mwaka 1941 yalitumika kukuza viinitete vya mnanaha maabarani, na hadi leo yanatiwa kwenye baadhi ya vyakula vya maabara. Lakini sifa yake kubwa ni saitokinini, ambayo husukuma machipukizi. Kwa mizizi sioni sababu ya kupoteza dafu. Asali si homoni. Inazuia vijidudu kwenye jeraha. Mshubiri unaleta utelezi na unyevu, na kwa vijiti rahisi hakuna ubaya. Mtu akikuambia mwembe wake uliota kwa asali, muulize alipanda vijiti vingapi.

19. Migomba ya tishu ina homoni mwilini? Ni salama?

Maabara huchukua moyo wa chipukizi la mgomba na kuuweka kwenye chakula chenye saitokinini nyingi ili machipukizi yazaliane, kisha wanahamishia kwenye chakula chenye auksini au kisicho na homoni ili mizizi itoke. Chakula kinachotumika zaidi duniani ni cha Murashige na Skoog cha mwaka 1962. Skoog ni yule wa swali la 10. Hadi mkungu unakomaa, zaidi ya mwaka baadaye, homoni ya chupani imekwisha zamani. Na kumbuka kila tunda na kila mboga uliyowahi kula ina auksini na saitokinini yake ya asili. Unga wa dukani ni jambo jingine: ni kemikali iliyokolezwa, vaa glavu na usivute vumbi.

20. Mizizi imetoboa kiriba na kuingia ardhini. Nikiikata nitaua mche?

Mara nyingi hapana. Ukikata ncha unaondoa mtawala wa mzizi ule, na mizizi ya pembeni inaamka nyuma ya jeraha. Ndiyo sababu tunasogeza viriba mara kwa mara: miche inatoka na kichaka cha mizizi ndani ya udongo wake. Mwagilia, weka kivulini wiki moja kabla ya kuuza. Mpapai usiuchezee hivyo, hausamehe.

## Yasiyo ya kila siku

21. Nasikia dawa ya magugu ya 2,4-D ni auksini. Inauaje?

Kwa kuzidi. Ni auksini ya kutengenezwa ambayo mmea wa majani mapana hauwezi kuiondoa haraka, kwa hiyo agizo la "kua" haliishi. Shina linajipinda, mirija inavurugika, mizizi inasimama, mmea unakufa. Mahindi na nyasi zinaivunja haraka zaidi.

Nyanya zako zikijikunja majani kama kamba bila wadudu wala virusi, uliza bomba la kunyunyizia lilitumika wapi mara ya mwisho. Kiasi kilichobaki kwenye mpira kinatosha.

22. Waridi langu limeota uvimbe kama kansa pale shina linapoingia ardhini. Nini hiki?

Yaelekea ni bakteria wa udongo aitwaye *Agrobacterium*. Anaingiza kipande cha DNA yake ndani ya seli za mmea, na kipande hicho kina jeni za kutengeneza auksini na saitokinini. Seli zinapata maagizo yote mawili kwa wingi, zinafanya kile donge la Skoog lilifanya, huku bakteria akila chakula maalumu anachotengenezewa humo. Ndugu yake anasababisha mizizi kama nywele. Ng'oa, choma, osha mkasi kwa spiriti, na usipande waridi jingine shimo hilo.

23. Unga wangu ni wa msimu wa juzi na ulikaa dirishani. Bado unafaa?

Mwanga na joto ni adui wake, hata kama indoli-butiriki ni mvumilivu. Chukua vijiti 20 vya bogenvilea, 10 kwa unga na 10 bila. Vitunze sawa kwa wiki 4, kisha vuta vyote na uhesabu mizizi. Hesabu zikilingana, kopo ulitupe. Na usirudishe koponi unga uliomwaga sahanini kuchovyea. Unyevu wa vijiti umeshaingia humo.